Redio Iliyofungwa Kariakoo

Ilongero
11 Februari 1996

Gasto mwanangu,

Mimi baba yako Laurian Mghenyi nina miaka sabini na minne. Njaa ya kula mizizi ilikuja ikaondoka, mimi nipo. Nzige walikuja wakaondoka, mimi nipo. Mwingereza na kofia yake alishakwenda kwao. Tulitolewa kwenye maboma yetu tukapangwa mstari mmoja kama mabenchi ya kanisani, na hilo nalo limepita. Foleni za sabuni zimepita. Wake wawili nimezika, mama yako akiwa wa pili. Hakuna kilichonishinda. Sasa wewe umeniletea kisanduku cha kunishinda.

Redio imefika. Kondakta aliishusha mbele ya watu ikiwa kwenye karatasi ya maua, na sikatai, nilifurahi. Nilichinja jogoo. Nilimwita Mrisho wa dukani na mkewe Zabibu, nikamwita na katekista wetu Chrispin, nikawaambia kaeni muone mtoto anavyomheshimu baba yake. Mrisho akaishika, akaigeuza huku na huku, akasema, "Mzee Laurian, hii hata mjini Singida sijaiona." Nikamwambia utaiona wapi wewe, na hicho kiredio chako kinachokwaruza kama kuku jalalani. Nikawawekea kanda ya dansi uliyoituma. Wakacheza na mifupa mkononi.

Walipoondoka nikatafuta redio ya taifa. Gasto! Inatoa shaaa, shaaa, kama mafuta ya alizeti yanayokaanga. Nikatafuta kile cha kuzungusha. Hakuna cha kuzungusha. Kuna vitufe vingi kama matiti ya nguruwe. Nabonyeza hiki, kimya. Nabonyeza kile, kimya. Namba moja ndiyo inatoa hilo shaaa. Zingine zimekufa. Imenitia kinyaa. Naikuta imekaa mezani inang'aa, inanitazama kama mgeni asiyejibu salamu.

Nirudishie redio yangu ya mbao uliyoichukua Krismasi ukasema unaipeleka kwa fundi. Unajua kwa nini naitaka. Shangazi yako Selina amelazwa tena Itigi, miguu imevimba. Likitokea la kutokea, Yasinta binti yake atapeleka tangazo redioni kama watu wote wanavyofanya, na mimi nitasikia, nitapanda gari nikamtie dada yangu udongo. Tulizaliwa tisa. Tumebaki wawili.

Ni mimi baba yako,
Laurian Mghenyi


Dar es Salaam
25 Februari 1996

Baba,

Shikamoo. Mimi na familia hatujambo, tunaomba na wewe uwe hivyo hivyo.

Baba, pole na usumbufu, lakini redio haina ubovu. Redio za siku hizi haziendeshwi kama zile za zamani. Zina akili zake. Wewe bonyeza namba moja tu, redio ya taifa nimekuwekea hapo tayari, nilijaribu mwenyewe hapa Kariakoo ikasema vizuri kabisa. Vitufe vingine achana navyo. Pengine ni hali ya hewa, mvua zikiisha itakaa sawa.

Nakuomba sana jambo moja, usiifungue. Vitu vya sasa havifunguliwi. Unakumbuka saa ya ukutani. Unakumbuka cherehani ya marehemu mama.

Ile ya mbao bado iko kwa fundi. Kuna kipuri anakisubiri. Usiwe na wasiwasi kuhusu shangazi, amekuwa akilazwa na kutoka miaka yote hii. Endelea kuburudika na kanda.

Mwanao mtiifu,
Gasto


Ilongero
10 Machi 1996

Gasto,

Marahaba.

Umenitajia cherehani. Cherehani ile niliifungua nikaifunga, ikashona. Kwamba ilishona kurudi nyuma ni jambo jingine, mama yako alishona nayo hivyo hivyo miaka mitatu hakulalamika. Saa ya ukutani ilikuwa imeshakufa kabla sijaigusa. Taa ya karabai ya misheni nani aliitengeneza? Dainamo ya baiskeli ya mwalimu mkuu nani? Nenda kaulize kutoka hapa mpaka Iguguno, Laurian ni nani.

Unasema redio ina akili zake. Nani aliiomba akili? Akili ninazo mimi. Yeye kazi yake ni kusema. Redio yangu ya mbao haikuwa na akili na ilinitii. Huku kwetu sauti ya redio ya taifa haikai mahali inapokaa huko Dar, na mchana haikai inapokaa jioni. Unaifuata kwa vidole kama unavyomfuata mbuzi mkorofi, unasogeza kidogo, unasogeza tena, hapo! Umempata. Sasa hii imesimama mahali pamoja kama nguzo, na mimi naambiwa nisubiri mvua ziishe!

Na si redio peke yake. Nilinunua tochi dukani kwa Mrisho, balbu imegandishwa, ikifa tochi nzima inatupwa. Chupa ya chai, kitako kimegandishwa. Zamani duka lilikuwa tupu, lakini ulichokipata kilikuwa chako. Sasa duka limejaa mpaka mlangoni na hakuna hata kimoja kilicho changu. Mtu ananiuzia kitu halafu anaondoka na ufunguo. Mavi matupu! Utanisamehe, wewe ni mkubwa sasa.

Niliifunga kwenye blanketi nikaipeleka mjini kwa fundi mmoja karibu na soko. Niliondoka alfajiri Mrisho asinione. Fundi akaitazama kwa chini, akacheka.

"Mzee, vichwa vya skrubu vyote vimesagwa. Bisibisi haishiki. Aliyefanya hivi hakutaka ifunguliwe."

Nikamwambia, "Ni hao Wajapani. Roho mbaya."

Akasema, "Sijui kama ni Wajapani, mzee wangu."

Nikamwambia vunja. Akakataa, akasema itapasuka nimlaumu yeye. Waoga watupu siku hizi.

Utauliza watu wanasemaje? Hawasemi kitu, kwa sababu hawajui. Ikifika saa ya matangazo ya jioni nafunga mlango naweka kanda ya dansi, sauti ya kutosha mtu wa njiani asikie. Mrisho akinikuta kisimani anauliza, "Redio inasemaje leo?" Namjibu inasema wenye redio ndogo walale mapema. Anacheka, meno nje. Siwezi kwenda kupiga magoti kwenye kiredio cha yule bwana. Sitakwenda.

Leta ya mbao. Mwambie fundi wako aache kipuri, ailete hivyo hivyo ilivyo.

Baba yako,
Laurian Mghenyi


Dar es Salaam
20 Machi 1996

Baba,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, kuna mtu anasafiri kuja Singida.

Ile ya mbao itachukua muda. Nitakueleza nikija, nikipata nafasi nitakuja baada ya Pasaka. Kuhusu skrubu, ndivyo zinavyotoka, wala usiende tena kwa mafundi wa mjini, watakuharibia.

Baba, nakuomba, kwa sasa si ungekuwa unakwenda kusikiliza matangazo kwa Mzee Mrisho? Ni jirani. Hakuna aibu hapo.

Shangazi anaendeleaje?

Mwanao,
Gasto


Itigi
2 Aprili 1996

Mjomba Laurian,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa mama alinilea hivyo.

Mama alifariki Jumatatu, tarehe ishirini na tano ya mwezi uliopita. Tulipeleka tangazo siku ile ile, likasomwa Jumanne mchana, likarudiwa jioni. Tuliambiwa na watu wa Manyoni, wa Kilimatinde, hata wa Tabora, kwamba wamesikia, na wengi walikuja. Tulikusubiri. Jumatano tulikusubiri. Wazee wa upande wa baba wakasema mwili hauwezi kukaa zaidi, mimi nikawaomba mpaka Alhamisi, nikasema mjomba ana redio kubwa mpya, amesikia, yuko njiani. Kila lori lililosimama nilitoka nje kuangalia. Alhamisi jioni tukazika. Udongo wa kwanza alitia Petro, mdogo wake baba.

Ningesema uliumwa, au gari lilikosekana. Lakini Ijumaa alipita dereva wa lori la alizeti kutoka huko Ilongero. Nilimuuliza habari zako. Alisita sana, mjomba. Halafu akasema Jumanne jioni alipita mbele ya nyumba yako na tangazo la mama lilikuwa limeshazungumzwa dukani pote, na kwako kulikuwa kunapigwa muziki wa dansi.

Sina swali la kukuuliza. Kama kulikuwa na neno kati yako na mama, mmelimaliza kwa namna yako.

Nguo za mama tutazigawa siku ya arobaini, Jumapili tarehe tano Mei. Najua kwenu hakuna anayezigusa kabla kaka wa marehemu hajakung'uta ya kwanza. Petro amekubali kuikung'uta. Nimeona nikueleze usije ukasikia kwa watu.

Yasinta


Ilongero
9 Aprili 1996

Gasto,

Shangazi yako amekufa. Amezikwa. Nimejua kwa barua, kama mtu anayejulishwa bei ya pamba.

Ulijua? Huko Dar una masikio mawili. Hukusikia?

Nilibonyeza namba moja siku ile ya Jumanne kama kila siku. Shaaa. Nikaweka kanda. Wakati dada yangu anasomwa mimi nilikuwa napiga dansi mlango umefungwa. Nimetapika, Gasto, nimetapika kweli, si maneno.

Yule fundi wa sokoni aliniambia kitu, nikamjibu ni Wajapani. Sasa nataka uniambie wewe. Vichwa vya skrubu vilisagwa na nani?

Jumapili naifungua. Nitaifungua mbele ya watu.

Laurian Mghenyi


Dar es Salaam
17 Aprili 1996

Baba,

Shikamoo. Pole sana baba. Nimelia. Sikusikia tangazo. Siku hizi nyumbani tunasikiliza hizi stesheni mpya za hapa mjini, zina muziki na maongezi, hazisomi vifo. Ukweli ni huo.

Ni mimi niliyemwambia fundi. Nilimwambia aiweke redio ya taifa kwenye namba moja, akate waya za vitufe vingine, asage skrubu. Nilimwambia baba yangu hawezi kuona kitu bila kukichokoa. Nilitaka ikae. Nilitaka kitu kimoja nilichokuletea kikae mwaka mzima bila kuwa vipande kwenye gunia. Hapa ilikuwa inasema vizuri, sikujua kwamba huko kwetu inakaa mahali pengine. Uliponiandikia nilielewa, na nikaona haya kusema, nikasema nitakuja baada ya Pasaka nifungue mwenyewe usijue.

Ile ya mbao haipo, baba. Fundi aliichukua siku ile ile aliyoifunga hii mpya, iwe malipo yake.

Nilifanya kwa mapenzi. Nakuomba unisamehe. Niambie nimwandikie Yasinta.

Mwanao,
Gasto


Ilongero
28 Aprili 1996

Yasinta binti ya dada yangu,

Marahaba, ingawa uliniamkia kwa meno yaliyouma.

Barua hii naipeleka kwa mkono wa dereva yule yule wa alizeti, ili mdomo uliopeleka lile upeleke na hili. Simlaumu. Alichosikia alisikia. Muziki ulikuwepo. Sitakudanganya.

Mimi na mama yako hatukuwa na neno. Tulipokuwa wadogo tulichunga pamoja, akichoka nilimbeba, na alikuwa mzito kuliko mimi. Neno la kumkosesha dada yangu udongo wangu lingetoka wapi?

Sikusikia tangazo. Redio ile kubwa ilikuwa bubu tangu siku iliyoshushwa kwenye basi. Gasto aliifungisha huko Kariakoo ili mimi nisiiguse, halafu akaniambia ndivyo redio za kisasa zilivyo. Na mimi nilikuwa nimeshamchinjia jogoo, nimeshawatukana watu wenye redio ndogo. Ningekwenda wapi kusema imeninyima sauti? Nikawa naweka kanda jioni, wapita njia wasikie kitu. Hilo nimelieleza mara moja, silirudii.

Jumapili ya tarehe kumi na nne, baada ya misa, niliiweka juu ya kinu uani. Nikamwita Mrisho na Zabibu, nikamwita katekista Chrispin. Walikuja wamenuna. Zabibu hakukaa, alisimama na kanga yake amejifunga kichwani kama mtu wa msibani, akaangalia pembeni.

Nikachukua patasi na nyundo. Nikapasua kiuno cha ile redio kama unavyopasua boga. Ndani kulikuwa na waya mbili zimekatwa, ncha zimemwagiwa gundi kama nta. Mrisho akainama, akazigusa.

"Hii si ya kiwandani," akasema. "Hii imekatwa kwa mkasi."

Chrispin akauliza, "Mzee Laurian, kwani ilikuwa haisemi?"

"Haijasema tangu ije."

"Na ule muziki wa kila jioni?"

"Kanda."

Wakatazamana. Zabibu akasema, "Mungu wangu!" akakaa chini.

Nikawauliza, nyinyi mlisikia tangazo la dada yangu, mbona hamkuja? Kijiji kizima kimesikia, hakuna mguu hata mmoja uliovuka kizingiti changu! Mrisho akanijibu kwa hasira, na mimi nilistahili hasira ile.

"Tuje tukwambie nini, mzee? Hapa anayesomewa wake redioni ndiye anayetoka nje kusema, ndipo watu wanaingia kumpa pole. Sisi tulikaa dukani tunakutazamia. Tukasema ana redio kubwa kuliko zote, amesikia kabla yetu. Mara tunasikia dansi. Jumatano tena dansi. Mke wangu akasema huyu ama amerukwa na akili, ama ni mnyama. Tutampaje pole mnyama?"

Nikamwambia, "Ungenijia, Mrisho."

Akasema, "Nikujie? Kwako ningeingilia mlango gani, na kila nikikuamkia unanitukania redio?"

Hapo nikaiinamia redio. Mimi Laurian, ambaye sijawahi kukosa jibu mbele ya mkuu wa wilaya.

Nikazichubua zile waya kwa meno nikaziunganisha. Kitufe kikaanza kusogeza. Nikaifuata sauti kidogo kidogo, ikaja. Ilikuwa saa ya matangazo. Wakasoma marehemu wa Songea, wakasoma marehemu wa Shinyanga, na watoto wao na wajukuu wao popote walipo wapate habari hizi. Tulisikiliza mpaka mwisho. Dada yangu hakuwemo. Wa kwangu alishasomwa. Nikaizima. Tangu siku ile sijaiwasha. Iko bandani, kuku ameipenda, na yeye atagie humo, mimi sitaki kuiona. Nikiitazama natamani kutema mate.

Gasto ameniandikia anasema alifanya kwa mapenzi. Namwamini. Hata ndama tunampenda, na tunamfunga kamba shingoni. Nimemjibu kwamba siku akitaka kunipa kitu tena aniletee kibovu, nitakitengeneza mwenyewe, au asilete kitu. Ameomba akuandikie. Nimemkatalia. Hili ni la kwangu na wewe.

Sasa sikiliza, mwanangu. Nakuja Jumamosi, tarehe nne, na lori la alizeti. Sikuombi chakula wala kitanda, nitalala kwa mapadre. Petro nitamwamkia vizuri na kumshukuru kwa udongo alioutia kwa niaba yangu. Lakini nguo ya kwanza ya dada yangu usimpe. Nipe mimi niikung'ute mbele ya watu, halafu ukitaka unifukuze, nitakwenda. Nikifukuzwa kabla ya hapo sitakwenda. Nitakaa barabarani nje ya ua wako, na unanijua.

Huniamini? Usiniamini. Mimi ni mzee wa kujisifu, mama yako alikuwa akisema hivyo mbele yenu na mlicheka. Kwa hiyo uliza wengine. Muulize katekista Chrispin, aliyesikia redio ile inasema kwa mara ya kwanza, na ambaye hawezi kula kiapo cha uongo kwa kazi yake. Muulize Zabibu, aliyeziona zile waya kwa macho yake na kusema nimwombe radhi mumewe, na nikamwomba. Zaidi ya wote muulize Mrisho, maana mimi na yeye hatujapatana miaka kumi na hana sababu ya kunipendezesha. Anakuja na mimi kwenye lori, amesema mwenyewe atakuja. Wengine walipoondoka siku ile yeye alibaki uani, na alichokiona machoni kwangu baada ya hapo akueleze yeye. Mimi sikielezi.

Mjomba wako,
Laurian Mghenyi